Mfupa wa nyuma ya sikio wasaidia kupima usikivu wa mtoto mchanga

Mtoto mchanga hawezi kuinua mkono kumjulisha daktari kwamba amesikia sauti. Ndiyo maana wazazi wengi, wawe wa Gitega au wa Muyinga, hutambua kasoro ya usikivu pale tu mtoto anapochelewa kusema. Hata hivyo, neva zake huitikia sauti tangu siku za mwanzo, na mwitikio huo unapimika.

Kipimo hicho huchunguza shina la ubongo, sehemu inayounganisha ubongo na uti wa mgongo. Mtoto akiwa usingizini, hubandikwa elektrodi ndogo kwenye paji la uso na nyuma ya masikio. Kisha husikilizishwa sauti fupi fupi, na kompyuta huchora mawimbi hafifu ya umeme yanayotoka kwenye neva zake. Watafiti Don Jewett na John Williston waliyaeleza mawimbi hayo kwa kina mwaka 1971. Kipimo hakina maumivu.

Kwa kawaida sauti hupitishwa kwenye tundu la sikio. Mtoto asipoitikia, hubaki swali: kizuizi kiko njiani, au kasoro iko ndani? Hapo ndipo mfupa unapohitajika. Kifaa kidogo kinachotetema huwekwa juu ya mfupa wa nyuma ya sikio, na mtetemo wake huifikia koklea, kiungo cha ndani chenye umbo la konokono, bila kupitia tundu wala kiwambo cha sikio.

Mtoto akiitikia vyema kwa njia ya mfupa lakini si kwa njia ya hewa, kizuizi kiko njiani: huenda kuna majimaji nyuma ya kiwambo, ambayo mara nyingi hutibika, au amezaliwa na tundu lililoziba. Njia zote mbili zikionesha upungufu ule ule, kasoro iko kwenye koklea au neva. Huyo hasaidiwi na dawa ya matone. Huhitaji kifaa cha kusaidia kusikia, au kuanza mapema kufundishwa lugha ya alama.

Mama anayepewa rufaa kutoka Muyinga, akapitia Karusi hadi Gitega, huenda ana nauli ya safari moja tu. Inafaa aulize kabla ya kuondoka iwapo vipimo vyote viwili, cha hewa na cha mfupa, vinapatikana huko aendako na vitafanywa siku hiyo hiyo. Mtoto asilale njiani. Anyonyeshwe kipimo kinapokaribia, ili apate usingizi mzito.

Mwongozo wa kimataifa unataka kasoro ithibitishwe kabla ya miezi 3, na msaada uanze kabla ya miezi 6. Aliyezaliwa njiti, aliyepata manjano kali au homa ya uti wa mgongo apimwe hata kama hushtuka mlango unapobamizwa. Kushtuka huko si uthibitisho kwamba anayasikia maneno ya mama yake.