Dume alisakwa kila kona, leo wamebaki mama na binti tu

MWAKA wa 2017 kifaru mmoja wa Laikipia alifunguliwa akaunti ya Tinder. Ndiyo, ile Tinder unayoijua. Aliitwa Sudan, na sifa yake ilikuwa moja: dume wa mwisho wa vifaru weupe wa kaskazini duniani.

Hiyo ilikuwa mbinu ya hifadhi ya Ol Pejeta kuchangisha pesa za utafiti wa uzazi. Watu walicheka, wakasambaza. Machi 19, 2018, uzee ukiwa umemlemea Sudan, madaktari walimpumzisha. Alikuwa na miaka 45.

Sasa wamebaki Najin na bintiye Fatu, majike wawili wanaolindwa usiku na mchana na walinzi wenye bunduki. Na hata dume akitokea leo, hakuna kati yao anayeweza kubeba mimba.

Basi imeisha? Bado. Tangu 2019, wanasayansi hutoa mayai ya Fatu, huyatungisha kwa mbegu za madume waliokufa zilizogandishwa, kisha huhifadhi viinitete. Mpango ni kuvipandikiza kwa majike wa vifaru weupe wa kusini, binamu zao. Januari 2024 ilitangazwa kwamba jike mmoja wa kusini alishika mimba kwa njia hiyo, ingawa kiinitete kilikuwa cha jamii yake. Alikufa kwa maambukizi ya bakteria mimba ikiwa na siku 70. Ilikuwa pigo, lakini angalau sasa inajulikana kwamba inawezekana.

Na tulifikaje hapa? Vita, na tamaa ya pembe. Pembe yenyewe ni keratini tu, kitu kile kile kilicho kwenye kucha zako.

Sasa linganisha na vifaru weusi. Miaka ya 1970 Kenya ilikuwa na karibu 20,000. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 hawakufika 400. Ulinzi ukakazwa wakiwa bado wamo, na leo ni takriban 1,000. Hapo hakukuhitajika maabara ya ng'ambo, kulihitajika askari, ua na subira.

Baadhi yao wako hapo tu Nairobi National Park, maghorofa ya jiji yakionekana kwa nyuma. Wikendi moja, nenda uwaone. Sudan alipata mashabiki wengi sana, lakini walikuja akiwa amechelewa.