Wachezaji wa Jana Wasiachwe Wapotee

Kila mwaka, mwishoni mwa Juni na mwanzoni mwa Julai, wapenzi wa michezo duniani huelekeza macho na masikio yao Wimbledon, kitongoji cha jiji la London, ambako mashindano ya tenisi yalianza mwaka 1877. Kwetu hapa Mwanza na kandokando ya Ziwa Victoria tenisi haijawa mchezo wa watu wengi. Ililetwa na watawala wa Kiingereza, ikachezwa ndani ya vilabu vyao, na mwananchi wa kawaida aliiona kwa mbali, kama si kwa kuokota mipira ya wakubwa. Hata hivyo, liko jambo moja katika tenisi ya Waingereza na ya jirani zao wa Wales ambalo twaona linatuhusu sisi wa kanda hii kuliko raketi na nyavu zenyewe, nalo ni namna wanavyowakumbuka wachezaji wao wa zamani.

Tuanze na Fred Perry. Huyu alizaliwa mwaka 1909 katika mji wa Stockport, na baba yake alikuwa mtu wa vyama vya ushirika aliyepata kuwa Mbunge. Kabla ya kujulikana katika tenisi, Perry alikuwa bingwa wa dunia wa tenisi ya mezani, mwaka 1929. Kisha akatwaa ubingwa wa Wimbledon mara tatu mfululizo, mwaka 1934, 1935 na 1936. Mtu angedhani kwamba kwa ushindi huo angebebwa juu juu na wenye mchezo wao. La hasha. Tenisi ya siku zile ilikuwa mchezo wa watu wa tabaka la juu, nao hawakupendezwa na kijana asiyetoka katika shule zao wala asiyesema kama wao. Mwishoni mwa 1936, Perry alipoamua kucheza kwa malipo, klabu ya Wimbledon ilimnyang'anya uanachama wake wa heshima, naye akahamishia maisha yake Marekani.

Lakini kumbukumbu ina njia yake ya kusahihisha dhuluma. Mwaka 1984, nusu karne baada ya ushindi wake wa kwanza, klabu ile ile ilimsimamishia sanamu ndani ya viwanja vyake, na mlango mmoja ukapewa jina lake. Perry alikuwa hai, akayaona hayo kwa macho yake. Alifariki mwaka 1995. Twasisitiza neno hilo: alikuwa hai. Heshima aliyopewa haikungoja matanga.

Tena kumbukumbu ya Perry haikuwa pambo la bustani tu. Baada yake Uingereza ilikaa miaka 77 bila mwanamume wake hata mmoja kutwaa ubingwa wa mchezaji mmoja mmoja hapo Wimbledon, na katika miaka yote hiyo jina la Perry lilitajwa kila majira ya mashindano yalipofika, kama deni linalodaiwa. Vijana waliokuja walipimwa kwa kipimo chake, wakaonekana wapungufu, wakaondoka. Hatimaye, Julai 2013, Andy Murray kutoka Uskoti alililipa deni hilo, akarudia tena mwaka 2016. Upande wa wanawake, Virginia Wade alishinda mwaka 1977, wakati Wimbledon ilipotimiza miaka 100, mbele ya Malkia Elizabeth mwenyewe. Nalo jina lake hadi leo ndilo kipimo, kwa kuwa hakuna mwanamke mwingine wa Uingereza aliyeshinda ubingwa huo tangu wakati huo.

Watu wa Wales ni wachache, na tenisi yao haijatoa mabingwa wengi. Hapo ndipo penye fundisho letu kubwa zaidi. Mmoja wa wale wanaowakumbuka ni Mike Davies, aliyezaliwa Swansea mwaka 1936. Davies hakupata kuwa bingwa wa Wimbledon. Mwaka 1960 alifika fainali ya wachezaji wawili wawili akiwa na Bobby Wilson, wakashindwa na Rafael Osuna wa Meksiko na Dennis Ralston wa Marekani. Mwaka huo huo alijiunga na wachezaji wa kulipwa, na kwa sababu hiyo mashindano makubwa yakamfungia mlango, kama yalivyomfungia Perry kabla yake. Hakukata tamaa. Miaka ya baadaye alikuwa miongoni mwa wasimamizi wa tenisi ya kulipwa waliougeuza mchezo huo kwa mavazi ya rangi na mipira inayoonekana vizuri katika televisheni. Mwaka 2012 aliingizwa katika jumba la heshima la tenisi duniani, na alipofariki mwaka 2015 watu wake walimlilia kama mtu aliyewafanyia jambo.

Mwingine ni J.P.R. Williams wa Bridgend, ambaye mwaka 1966 alishinda mashindano ya vijana wa Uingereza yaliyochezwa hapo hapo Wimbledon. Aliiacha tenisi kwa ajili ya raga na masomo ya udaktari, akaichezea Wales mara 55, kisha akawa daktari mpasuaji. Alifariki Januari 2024. Watu wa Wales husimulia habari zake zote tatu pamoja: raketi, mpira wa raga na kisu cha hospitali. Hawakusema kwamba kwa kuwa aliiacha tenisi basi ushindi wake wa ujanani ufutwe.

Sasa tugeuke tuitazame pwani yetu ya ziwa. Je, nasi tunao watu wa kukumbukwa? Tunao, na wengine wao walifika mahali ambapo wachezaji wengi wa Ulaya hawakufika.

Suleiman Nyambui alizaliwa mwaka 1953 Majita, mkoani Mara, kwenye ufuko wa ziwa hili hili. Tarehe 1 Agosti 1980, katika Michezo ya Olimpiki ya Moscow, alikimbia fainali ya mita 5,000. Katika mzunguko wa mwisho Miruts Yifter wa Ethiopia alichomoka, na Nyambui akamfuata hadi utepe, akapitwa kwa muda usiofika sekunde moja. Alipata nishani ya fedha. Siku moja kabla yake Filbert Bayi, kijana wa Karatu, alikuwa amepata nishani ya fedha katika mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Nishani hizo mbili ndizo pekee ambazo Tanzania imepata kuzitwaa katika Olimpiki tangu ilipoanza kushiriki. Tumepeleka wanamichezo tena na tena, hadi Paris mwaka 2024, na hesabu bado ni mbili. Moja kati ya hizo mbili ni ya mwana wa Ziwa Victoria.

Nyambui hakuishia Moscow. Akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Texas kilichoko El Paso, Marekani, alitwaa mataji ya vyuo vikuu vya nchi hiyo, na mapema mwaka 1981, mjini New York, aliweka muda bora duniani wa mita 5,000 za ndani ya ukumbi. Mwaka 1987, na tena mwaka 1988, alishinda mbio ndefu za Berlin, wakati mji huo ulikuwa bado umegawanywa na ukuta. Baadaye alirudi nyumbani akautumikia mchezo wa riadha katika uongozi wa chama cha taifa. Twauliza: kati ya watoto wanaokimbia pekupeku asubuhi kwenda shule katika vijiji vya Majita, Ukerewe na Sengerema, ni wangapi waliopata kulisikia jina hilo darasani?

Katika soka, hakuna mkazi wa Mwanza mwenye umri wa kutosha asiyeikumbuka Pamba ya zamani, Wana Kawekamo. Timu hiyo ilibeba jina la zao lililosomesha watoto na kuezeka nyumba kwa bati katika Usukuma nzima. Mwaka 1990 iliiwakilisha nchi katika Kombe la Washindi la Afrika. Majina ya kina Fumo Felician, George Masatu, Hussein Masha na Khalfan Ngassa yalikuwa mdomoni mwa kila kijana, kutoka Kirumba hadi Igoma. Kisha Pamba ikashuka daraja mwanzoni mwa miaka ya 2000, ikakaa nje ya Ligi Kuu zaidi ya miaka 20, hata ikarejea mwaka 2024 kwa jina la Pamba Jiji. Siku iliporejea, wazee walifurahi kwa sababu walikuwa na kitu cha kukumbuka. Vijana walifurahi kwa sababu wazee walifurahi. Huo ndio urithi unaopita kwa mdomo, nao ni mzuri. Lakini mdomo huchoka, na kila mwaka tunawazika baadhi ya wale waliokuwa wakisimulia.

Wako watakaosema kwamba sanamu, vitabu na majumba ya heshima ni mambo ya Wazungu, na kwamba sisi hatuna desturi hiyo. Hoja hiyo haina mguu wa kusimamia. Wasukuma wamekuwa na vyama viwili vya ngoma, Wagika na Wagalu, vilivyoanza katika karne ya 19 kutokana na ushindani wa watu wawili, Ngika na Gumha. Hadi leo, kila mwaka wakati wa sherehe za Bulabo huko Bujora, ngoma za pande hizo mbili hupambana mbele ya umati, na majina ya waanzilishi wake hutajwa kwa heshima. Katika makumbusho ya Bujora, yaliyoanzishwa na Padre David Clement, habari za vyama hivyo zimehifadhiwa pamoja na ngoma zenyewe. Kama tumeweza kuwakumbuka washindani wa ngoma kwa zaidi ya karne moja, tutashindwaje kumkumbuka mshindani wa mbio aliyekimbia mwaka 1980?

Tena tusidhani kwamba kumkumbuka mchezaji ni kumfurahisha yeye peke yake. Mwaka 1971 Arthur Ashe, Mmarekani mweusi aliyekuwa bingwa wa tenisi, alipita Yaoundé, Kameruni, akamwona mtoto wa miaka 11 akicheza. Mtoto huyo alikuwa Yannick Noah. Ashe alimsaidia apate nafasi ya kufundishwa Ufaransa, na mwaka 1983 Noah akawa bingwa wa Ufaransa pale Roland Garros. Hapa Afrika Mashariki, Paul Wekesa wa Kenya alicheza tenisi ya kulipwa duniani katika miaka ya 1980 na 1990. Na mwaka 2022 msichana wa Kenya, Angella Okutoyi, alishinda Wimbledon ubingwa wa wasichana wawili wawili akiwa na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Mtoto hawezi kutamani asichopata kukiona wala kukisikia. Mchezaji wa zamani anayejulikana ni dirisha ambalo mtoto huchungulia aone kwamba njia ipo.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo yasiyohitaji fedha nyingi. Kwanza, maofisa wa michezo wa mikoa ya kanda ya ziwa wakusanye orodha ya wachezaji waliopata kuiwakilisha nchi tangu Uhuru, wa riadha, ngumi, soka, netiboli na michezo mingineyo, pamoja na tarehe, matokeo na picha, kabla wenye picha hizo hawajaondoka nazo. Pili, majina hayo yasomwe shuleni, hasa katika shule ambazo wachezaji hao walisoma. Tatu, inapojengwa barabara, shule au uwanja mpya, wahusika wajiulize kama hakuna mwanamichezo wa mahali hapo anayestahili jina lake kuandikwa pale. Nne, wachezaji wastaafu waalikwe viwanjani siku za mashindano ya shule, wakae mbele, watajwe kwa majina, na vijana wawapigie makofi. Benchi la mbele halina gharama.

Hatusemi kwamba kila aliyevaa jezi asimamishiwe sanamu. Hatusemi pia kwamba makosa ya wachezaji wa zamani yafichwe. Kumbukumbu ya kweli husema yote. Tunachosema ni kwamba asikumbukwe bingwa peke yake. Davies hakuwahi kuwa bingwa wa Wimbledon. Nyambui alikuwa wa pili. John Stephen Akhwari wa Mbulu alikuwa wa mwisho miongoni mwa waliomaliza mbio ndefu za Mexico mwaka 1968, akichechemea kwa goti lililojeruhiwa, na dunia haijamsahau.

Waingereza walichukua miaka 50 kumrudishia Perry heshima yake, na bahati ilikuwa upande wao kwamba aliishi kuiona. Mwaka 2030 nishani ya Moscow itatimiza miaka 50. Muda uliobaki unatosha kuandaa jambo la heshima huko Majita, Musoma na Mwanza, iwapo wahusika wataanza sasa. Mgeni huagwa akiwa mlangoni, si akiwa amekwisha kuvuka mto.