Kibwawa cha watoto uani: anza na tundu la kutolea maji

Mwaka jana dada yangu anayeishi Morogoro alinipigia simu: "Mdogo wangu, wewe si umesoma sayansi? Njoo utusimamie, tunataka kujenga kibwawa cha watoto hapo uani." Hakutaka bwawa la kuogelea. Alitaka mahali pa wanawe wawili kuchezea maji, mmoja ana miaka sita na mwingine miwili, na alitaka papendeze, maana uani ndiko anakopokelea wageni.

Tukajenga. Duara lenye upana wa mita 2, kina cha sentimita 30, limepambwa kwa vipande vya tailizi vya rangi. Nilipouliza maji yatatokea wapi, fundi akacheka: "Kaka, ya nini kujiongezea gharama? Mtachota na ndoo." Nikanyamaza. Hapo ndipo nilipokosea.

Wiki chache baadaye familia nzima ilisafiri kwenda msibani, siku kumi. Waliporudi, maji yalikuwa ya kijani na yamejaa viluwiluwi vya mbu.

Hesabu ya ndoo

Kujua ujazo wa duara ni rahisi. Chukua nusu ya upana, uizidishe kwa yenyewe, kisha mara 3.14, kisha mara kina. Kwetu ni 1 × 1 × 3.14 × 0.3, sawa na mita za ujazo 0.94, yaani lita 940 hivi. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo kile "kidimbwi" kilikuwa kimebeba karibu tani nzima.

Sasa gawanya kwa ndoo ya lita 20: ndoo 47. Nani atachota ndoo 47 kila jioni? Siku ya kwanza utachota. Siku ya pili utasema "kesho". Siku ya tatu maji yamelala, na maji yakilala ndipo matatizo yanapoanza.

Maji yakilala

Tuanze na mbu. Kwenye joto kama letu, yai la mbu linaweza kuwa mbu kamili anayeruka ndani ya siku 7 hadi 10. Safari ya msibani ilitosha kabisa. Aedes aegypti, anayeeneza homa ya dengi iliyosumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, ana ujanja wa ziada: hutaga mayai kwenye ukuta, juu kidogo ya usawa wa maji. Mayai hayo yanaweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa, yakisubiri maji yapande. Kwa hiyo kumwaga maji pekee hakutoshi. Lazima usugue kuta kwa brashi.

Pili, vijidudu vya kuharisha. Mtoto wa miaka miwili akiingia majini na nepi, unajua kitakachotokea. Wengine husema, "Si tunaweka dawa?" Klorini inasaidia kweli, ila kwenye maji machache ya juani inaisha haraka. Mwanga wa jua unaivunja, na mkojo na jasho vinaila. Ile harufu kali inayowasha macho, ambayo watu huiita harufu ya klorini, mara nyingi si klorini yenyewe. Ni kloramini, yaani klorini iliyokwisha kuungana na mkojo na jasho. Kuna pia kijidudu kiitwacho Kriptosporidiamu, kinachosababisha kuharisha, ambacho kinaweza kuishi siku kadhaa hata kwenye maji yenye klorini ya kutosha. Kibwawa kisicho na pampu wala chujio, dawa yake kubwa ni kubadilisha maji.

Tatu, na hili ndilo lililomnyima dada usingizi: mtoto mdogo kichwa chake ni kizito ukilinganisha na mwili. Akijikwaa na kuanguka kifudifudi, kichwa ndicho kinachotangulia, na mikono bado haina nguvu za kumwinua. Maji yanayofunika pua na mdomo yanatosha. Shirika la Afya Duniani linasema watoto wa miaka 1 hadi 4 ndio wenye viwango vya juu zaidi vya vifo vya kuzama. Na kuzama hakuna kelele kama za kwenye filamu. Mtoto hawezi kuita huku anatafuta pumzi. Ukiwa jikoni hutasikia kitu.

Mambo yote matatu yana jibu moja: kibwawa kiwe kitupu wakati hakitumiki. Na kitakuwa kitupu pale tu ambapo kukimwaga ni kazi rahisi.

Kwa nini inchi 2

Ikabidi tupasue sakafu na kuweka bomba. Dada akauliza kama la nusu inchi lingefaa, maana ni la bei nafuu. Hapa fizikia inaingia.

Karne ya 17, Mtaliano Evangelista Torricelli alionyesha kwamba maji yanayotoka tunduni yana mwendo sawa na wa jiwe lililoanguka kutoka kimo cha maji hayo. Kina cha maji kikiwa sentimita 15, mwendo ni kama mita 1.7 kwa sekunde. Mwendo huo ni uleule, tundu liwe dogo au kubwa. Kinachobadilika ni eneo la tundu. Bomba la inchi 2 ni pana mara 4 kuliko la nusu inchi, lakini eneo lake ni kubwa mara 16, kwani 4 × 4 ni 16.

Kwa hesabu, bomba la inchi 2 linamaliza lita 470 kwa dakika 8 hivi. La nusu inchi linachukua saa mbili. Msuguano ndani ya bomba unaongeza muda kidogo. Kwetu inafika robo saa. Robo saa unaweza kusubiri huku unawafuta watoto. Saa mbili utasahau.

Mbona lita 470 na si 940? Kwa sababu tuliweka pia tundu la kufurikia ukutani, kwenye sentimita 15. Hata mvua ya masika ikinyesha usiku kucha na koki imefungwa, maji hayapiti hapo. Watoto hawajalalamika, na bili inahesabu nusu uniti tu kwa kila kujaza.

Ukitaka kujenga chako

Chagua mahali unapopaona ukiwa umekaa, mbali na ukuta wa nyumba, penye mteremko kuelekea bustanini. Chimba, shindilia udongo, panga mawe. Laza bomba la kutolea maji kabla ya zege, usije ukapasua kama sisi. Zege liwe na unene wa sentimita 10 na wavu wa nondo ndani: ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto. Sakafu iteremke sentimita 2 kwa kila mita kuelekea tunduni, la sivyo maji yatabaki pembeni na mbu watashukuru. Mwagilia zege siku 7, kwa sababu saruji haigandi kwa kukauka. Inaganda kwa kuungana na maji.

Mapambo nayo yana kazi. Tailizi nzima inateleza, lakini vipande vidogo vina viungo vingi vya saruji katikati, na nyayo zinapata pa kushika. Hakikisha tu kingo kali zimezama kwenye saruji. Tundu lifunikwe kwa kichujio kilichofungwa kwa skrubu, na koki ifunguliwe watoto wakishatoka majini.

Watoto wakiwa ndani, mtu mzima akae karibu kiasi cha kunyoosha mkono akawafikia, na simu aiweke pembeni. Bomba haliwezi kufanya kazi hiyo.

Sasa hivi kila jioni mpwa wangu mkubwa ndiye anayefungua koki, wa mdogo anapiga brashi ukutani kwa kadiri anavyofikia, na maji yanakwenda kwenye migomba. Juzi dada kanitumia picha ya mkungu wa kwanza. Yule fundi naye kaja kuuona, akauliza bomba tulilinunua wapi.