Uzamifu si mwisho wa safari

Wahenga walinena kwamba elimu ni bahari. Hata hivyo, wengi wetu huamini kwamba mtu akishavishwa joho la shahada ya uzamifu na kuitwa daktari, basi amekwisha kuivuka bahari hiyo na kutia nanga. Walimu huwaambia wanafunzi hivyo, na jamaa humchinjia mwana wao mbuzi wakijua kwamba taabu imekwisha. Ukweli ni mwingine. Kwa yule aliyechagua kazi ya maabara, shahada hiyo ni ruhusa tu ya kuanza kujifunza kazi.

Katika vituo vingi vya utafiti ulimwenguni, daktari mpya huajiriwa kwa mkataba mfupi, aghalabu wa miaka miwili au mitatu, ili atafiti chini ya mwanasayansi mkongwe. Huyo ndiye mtafiti wa baada ya uzamifu. Si mwanafunzi, kwa kuwa hana mtihani wala shahada anayoingojea. Si mwajiriwa wa kudumu pia, kwa kuwa mara nyingi mshahara wake hutoka katika fedha za mradi, na mradi ukimalizika naye hufunga virago. Yumo katikati mithili ya popo, ambaye hahesabiwi na ndege wala na wanyama.

Hapo ndipo dhuluma hupata mwanya. Msimamizi ana ripoti ya kuwapelekea wafadhili, na muda ni mchache. Daktari kijana hugeuzwa kuwa mikono ya mradi: apime sampuli, achambue takwimu, awaelekeze wanafunzi wa uzamili. Hakuna anayemfunza kuandika ombi la ruzuku, kusimamia bajeti, kuongoza wenzake, au kumweleza mkulima na waziri maana ya matokeo yake. Mkataba unapokwisha, anajua mengi kuhusu mdudu mmoja na machache mno kuhusu namna ya kuendesha maabara yake mwenyewe.

Si kwamba nchini Kenya tumekosa mfano wa kuiga. Marehemu Profesa Thomas Odhiambo, aliyepata uzamifu wake katika Chuo Kikuu cha Cambridge, alianzisha kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, ICIPE, jijini Nairobi mwaka 1970. Katika miaka ya mwanzo, wanasayansi mashuhuri kutoka ng'ambo walikuwa wakija na kurudi makwao, huku watafiti vijana waliokwisha kupata uzamifu wakiishi hapa na kuiendesha kazi siku kwa siku. Mwaka 1983 kituo hicho kilianzisha mpango wa kuwafunza Waafrika hadi kiwango cha uzamifu kwa ushirikiano na vyuo vikuu vya bara hili. Odhiambo alitambua kwamba maabara isiyolea watu ni jengo tu.

Matunda ya subira hiyo yanaonekana mashambani. Katika miaka ya 1990, ICIPE na kituo cha Rothamsted cha Uingereza walianza kuunda mbinu ya sukuma-vuta, ambapo mkulima hupanda desmodi katikati ya mistari ya mahindi na kuzungushia shamba nyasi za nepia. Harufu ya desmodi huwafukuza nondo ambao viwavi wao hutoboa mabua, nepia huwavuta nje, na mizizi ya desmodi hulidhibiti gugu la striga, ambalo kule Nyanza huitwa kayongo. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Utafiti wa namna hiyo hudai miaka mingi, na hauwezi kukamilishwa na watu wanaohama kila mkataba unapokatika.

Je, kifanyike nini? Kwanza, mkataba wenyewe utaje muda wa kujiendeleza. Nchini Uingereza, makubaliano ya mwaka 2019 kati ya vyuo vikuu na wafadhili yanataka mtafiti apewe siku zisizopungua 10 kwa mwaka kwa ajili hiyo. Pili, mtafiti na msimamizi waandike pamoja mpango wa maendeleo yake na kuupitia kila mwaka. Tatu, awepo mlezi wa pili asiye msimamizi wake, maana ni vigumu kwa kijana kumweleza anayemlipa mshahara kwamba anatafuta kazi kwingine. Nne, apewe kiasi kidogo cha fedha ajaribu wazo lake mwenyewe, ili ajifunze kusimama kwa miguu yake.

Wapo wakurugenzi watakaosema kwamba fedha za mfadhili ni za mradi, wala si za masomo. Hoja hiyo ina uzito, ila haikuangalia mbali. Kijana anayejua kuandika ombi la ruzuku ndiye atakayeileta ruzuku ijayo. Naye anayeondoka kwa kukata tamaa huondoka na ujuzi ambao mrithi wake atauanza upya, kwa gharama ya mradi uo huo.

Serikali nayo isijitoe lawamani. Sheria ya sayansi, teknolojia na ubunifu ya mwaka 2013 iliunda hazina ya kitaifa ya utafiti na kutaja asilimia 2 ya pato la taifa kuwa fungu lake. Kiwango hicho hakijafikiwa. Madhali watafiti wetu wanategemea wafadhili wa nje kwa mishahara yao, ni wafadhili hao watakaoamua ni nani abaki na ni swali lipi liulizwe.

Enyi walimu, waambieni wanafunzi wenu ukweli huu mapema, pamoja na kwamba si kila mtafiti atakuwa profesa: wengine watahitajika wizarani, viwandani na madarasani. Nanyi wanafunzi mnaoota kuvaa joho jekundu, siku mtakapoitiwa kazi katika maabara, msiulize mshahara peke yake. Ulizeni ni nani atakayewalea, na waliowatangulia katika kiti hicho wako wapi leo. Maabara isiyoweza kulijibu swali hilo haistahili kukabidhiwa miaka yenu bora.