Tegemezi na Tegemeo: Usanidi katika Ujenzi wa Programu za Simu

Katika sarufi, kishazi tegemezi ni kile kisichojitosheleza. Kile kinachokikamilisha ni tegemeo lake. Tofauti hiyo mara nyingi hupotea katika tafsiri za kompyuta, ambamo moduli inayotegemewa na programu huitwa "tegemezi". Kwa usahihi, programu kuu ndiyo tegemezi. Moduli ni tegemeo. Istilahi ya pili ni usanidi: upangaji wa vigezo vya programu, kama vile anwani ya seva. Kusanidi kusichanganywe na kusakinisha, yaani kuiweka programu kwenye simu.

Mkoani Mara, istilahi hizi zinagusa maisha ya watu. Mjini Mugumu, Wilaya ya Serengeti, shirika la Hope for Girls and Women huendesha nyumba salama kwa wasichana wanaokimbia ukeketaji. Wanavijiji waliofunzwa huliletea taarifa kwa simu kupitia ODK, programu huria iliyoanzishwa mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Washington, Marekani. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 imeharamisha kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Hata hivyo, Tarime na Serengeti, Desemba shule zinapofungwa, hatari huongezeka.

Msimbo wa ODK Collect, ile sehemu inayotumika kwenye simu za Android, uko wazi kwa yeyote kuujenga upya, na umegawanywa katika moduli nyingi. Ichukuliwe kwamba timu fulani inajenga programu ya namna hiyo. Mradi wa Android huanza na aina mbili za usanidi: wa utatuzi, kwa waandishi wa msimbo, na wa utoaji, kwa watumiaji. Timu inaongeza wa tatu, "mafunzo", unaopeleka taarifa kwenye seva ya mazoezi. Jina hilo linaandikwa katika mradi mkuu pekee. Moduli ya kutuma taarifa hailijui.

Matokeo hutegemea zana. Gradle, inayojenga programu za Android, tangu mwaka 2017 huoanisha usanidi wa mradi mkuu na wa kila tegemeo. Jina likikosekana, ujenzi husimama na kosa hutajwa. Xcode, inayojenga programu za iPhone, hufanya vingine: mradi usio na jina hilo hutumia usanidi wake wa msingi, kimyakimya. Hapo ndipo penye hatari. Programu itaitwa ya mafunzo, ilhali moduli yake inatuma taarifa za kubuni kwenye seva halisi, na waokoaji watamfuata msichana asiyekuwepo. Kosa likigeuka upande wa pili, taarifa ya msichana wa kweli italala kwenye seva ya mazoezi bila kusomwa.

Tiba ni tatu. Kwanza, jina la usanidi liongezwe katika kila tegemeo, kwa tahajia ileile. Pili, pale ambapo tegemeo ni la watu wengine na haliwezi kubadilishwa, Gradle huruhusu mradi mkuu kutaja majina mbadala kwa mpangilio: pasipo na "mafunzo", utumike usanidi wa utatuzi. Tatu, na bora zaidi kwa jambo nyeti, anwani ya seva iandikwe mahali pamoja tu, katika mradi mkuu, nao uikabidhi moduli. Moduli isiwe na anwani yake yenyewe.

Mwalimu wa Kiswahili ataitambua kanuni hii kuwa ni upatanisho. Katika "wasichana wawili wamefika", nomino huongoza, kivumishi na kitenzi hufuata. Anayesema "wasichana wawili imefika" husahihishwa papo hapo. Katika programu, kosa la namna hiyo huenda lisisikike hata kidogo mpaka siku ambayo taarifa inahitajika.

Matumizi: Mradi tegemezi na mategemeo yake yote sharti yawe na usanidi wenye jina moja.