Migogoro ya Mipaka: Kwa Nini Nchi Hugombania Visiwa Vidogo?

Watahiniwa wengi wakiulizwa chanzo cha migogoro ya mipaka Afrika huandika sentensi moja: "Wakoloni walichora mipaka vibaya katika Mkutano wa Berlin." Jibu hilo lina kasoro mbili. Kwanza, Mkutano wa Berlin wa 1884–1885 haukuchora mipaka mingi tunayoijua leo. Mipaka hiyo ilitokana na mikataba ya nchi mbili mbili iliyofuata, kama ule wa Ujerumani na Ureno wa Desemba 1886 na ule wa Ujerumani na Uingereza wa Julai 1, 1890. Pili, jibu halielezi kwa nini mgogoro hulipuka miaka mingi baada ya mkoloni kuondoka. Soma mifano ifuatayo ukiwa na swali hilo akilini.

Kisiwa hubeba maji yake

Kisiwa kisicho na watu, shamba wala kisima kinaweza kuwa na thamani kubwa kwa sababu ya maji yanayokizunguka. Kwa mujibu wa Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982, nchi yenye pwani humiliki bahari ya taifa hadi maili 12 za baharini, na ina haki ya kuvuna samaki, mafuta na gesi hadi maili 200. Kisiwa nacho huhesabiwa hivyo. Hata hivyo, mwamba usioweza kukaliwa na watu au kuwa na uchumi wake wenyewe hupata zile maili 12 tu. Ndiyo maana nchi hubishana hata juu ya swali dogo: hiki ni kisiwa au ni mwamba?

Sheria hiyo ni ya bahari. Kwenye maziwa na mito, kinachoamua ni maneno ya mikataba.

Mfano wa kwanza: Migingo

Migingo ni mwamba katika Ziwa Victoria, mdogo kuliko uwanja wa mpira wa miguu. Wavuvi walipoanza kuhamia huko walifuata sangara, samaki ambaye minofu yake huuzwa hadi Ulaya. Samaki walipopungua karibu na ufukwe, wavuvi walilazimika kwenda maji ya kina, na mwamba huo ukawa mahali pa kulala na kupakulia. Leo umejaa vibanda vya mabati.

Mwaka 2004 polisi wa Uganda walifika kisiwani na kupandisha bendera. Wavuvi, wengi wao Wakenya, wakaanza kudaiwa kodi na vibali. Kenya ilipinga. Mwaka 2009 mvutano ulikuwa mkali hadi nchi zote mbili zikakubaliana kupima mpaka kwa pamoja. Mpaka wenyewe ulielezwa katika amri ya Serikali ya Uingereza ya 1926, na kwa mstari huo Migingo ipo upande wa Kenya, takribani mita 500 tu kutoka mpakani. Rais Museveni mwenyewe alisema mwaka huo kwamba kisiwa ni cha Kenya, lakini maji ni ya Uganda.

Kauli hiyo inaonyesha kiini cha mgogoro. Mvuvi anayelala Kenya hutupa nyavu Uganda baada ya dakika chache za kupiga kasia. Kisiwa jirani cha Usingo ni kikubwa zaidi, lakini jina lake halisikiki sana katika ugomvi huu. Kinachogombewa ni samaki, na anayeumia kwanza ni mvuvi anayenyang'anywa injini na samaki wake huku viongozi wakijadiliana.

Mfano wa pili: Mto Ruvuma na Mtwara

Mkataba wa 1886 uliufanya Mto Ruvuma kuwa mpaka wa Wajerumani na Wareno. Lakini "mto" ni neno pana. Ruvuma una mikondo mingi na visiwa vya mchanga. Masika yakija, mkondo huhama, kisiwa kimoja huzama na kingine huibuka. Mwaka 1894 Wajerumani waliteka Kionga, kusini mwa mdomo wa mto, wakidai kuwa mpaka haukuishia mtoni. Wareno waliirudisha kwa nguvu mwaka 1916, na mwaka 1919 washindi wa Vita Kuu ya Kwanza wakaithibitisha kuwa yao. Leo Kionga ipo Msumbiji.

Baada ya uhuru, Tanzania na Msumbiji zilichagua njia nyingine. Desemba 1988 zilitia saini makubaliano ya mpaka wa baharini. Mstari ulichorwa kutoka Ras Mwambo, upande wa Tanzania, hadi Rasi ya Suafo, upande wa Msumbiji, na maji ya ndani ya mstari huo yakagawanywa nusu kwa nusu. Zingatia wakati: makubaliano haya yalitangulia ugunduzi mkubwa wa gesi ya bahari kuu ulioanza mwaka 2010. Ni rahisi kugawana bahari wakati hakuna anayejua utajiri upo upande gani. Kama mpaka ungeachwa wazi hadi gesi ipatikane, huenda Mtwara na Cabo Delgado zingekuwa na Migingo yao.

Njia za kutatua

1. Kuheshimu mipaka iliyorithiwa wakati wa uhuru, kama ulivyoamua Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Cairo mwaka 1964.
2. Mazungumzo na upimaji wa pamoja, kama Tanzania na Msumbiji.
3. Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Botswana na Namibia ziligombania kisiwa cha Kasikili (Sedudu) katika Mto Chobe, ambacho hufunikwa na mafuriko kila mwaka. Mkataba wa 1890 ulitaja "mkondo mkuu" bila kusema ni upi. Mwaka 1999 mahakama iliamua kuwa ni mkondo wa kaskazini, kisiwa kikawa cha Botswana, na Namibia ikakubali.

Maswali ya kujipima

1. "Mipaka ya kikoloni ni chanzo, lakini rasilimali ndizo huwasha moto." Jadili kauli hii kwa mifano miwili. (*Dokezo: eleza mkataba, kisha rasilimali, kisha mwaka mgogoro ulipoanza. Usitaje Berlin peke yake.*)
2. Kwa nini mto si mpaka unaotosheleza bila maelezo zaidi? Toa hoja tatu.
3. Eleza faida nne za kukubaliana mpaka kabla ya rasilimali kugunduliwa.