Uteuzi wa Flashi ya Kuendeshea Linux katika Utafiti wa Lugha Uwandani: Mfano wa Muyinga

Mtafiti anayerekodi Kiswahili cha wafanyabiashara kati ya mji wa Muyinga na mpaka wa Kobero, ambako Burundi inapakana na Tanzania, huenda akalazimika kutumia kompyuta isiyo yake. Anaweza kuzilinda data zake kwa kubeba mfumo endeshi wa Linux ndani ya flashi na kuiwashia kompyuta hiyo, bila kuigusa diski ya mwenyeji. Kwa hiyo, uteuzi wa flashi ni suala la mbinu za utafiti, si la ununuzi tu.

Kigezo kinachotangulizwa na wengi ni ujazo. Sauti isiyobanwa, yenye sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16 na njia mbili, huchukua takriban megabaiti 635 kwa saa. Flashi ya gigabaiti 32, ikitengewa gigabaiti 8 za mfumo, hubakiza nafasi ya saa zipatazo 37. Ujazo, basi, si kikwazo kikuu.

Kikwazo ni kasi ya kuandika vipande vidogo vidogo. Mfumo endeshi ukiwa kazini huandika mara kwa mara faili ndogo zilizotawanyika. Nembo ya USB 3.0 hutaja upeo wa njia ya mawasiliano, yaani gigabiti 5 kwa sekunde. Haitaji uwezo wa chipu zilizomo. Ndiyo maana flashi mbili zenye nembo moja huweza kutofautiana sana. Zaidi ya hayo, seli za flashi huchakaa kadiri zinavyoandikwa. Diski ya nje ya SSD kwa kawaida hustahimili zaidi, ijapokuwa ni ghali.

Kigezo cha tatu ni uhalisi. Flashi bandia hujitangazia ujazo isiokuwa nao. Kikomo chake halisi kikipitwa, data huharibika bila onyo. Programu huria ya F3 huijaza flashi, kisha huisoma upya na kubainisha udanganyifu huo. Jaribio lifanywe kabla ya safari, flashi ikiwa bado tupu.

Kwa muhtasari, kasi ya uandishi na uhalisi vitangulie ujazo. Hata hivyo, flashi bora haiondoi haja ya nakala ya pili, wala ya kusimba data kwa nywila ili kutunza siri za watoataarifa. Mfumo ulioharibika husakinishwa upya. Masimulizi ya mzee aliyekwisha kufariki hayarekodiwi tena.